Gunia la Makapi kwenye Njia ya Kabambare

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza mimi. Nimevuka Lualaba pale Nyangwe ndani ya mtumbwi uliojaa maji mpaka magotini, na mwenye mtumbwi, badala ya kuchota maji, alikuwa anatudai nauli kwanza. Nimeona mkubwa mmoja wa ofisi akiniomba kuku mbele ya watoto wake, na kuku alipofika akasema ni mdogo. Nina pikipiki kumi na moja zinazokwenda Kabambare na kurudi, nina depo mbili hapa Kasongo, nina nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bati jekundu, na shule mimi niliiacha mwaka wa nne wa primeri, sikurudi hata kuchukua daftari langu. Wale waliobaki darasani leo wanapanga mstari mlangoni kwangu wakitafuta kazi. Wananiita papa mukubwa, na wengine wamenizidi umri. Ninawaangalia, mate yananijaa kinywani, na si mate ya njaa. Basi Sifa, binti wa watu niliowajua ujanani, aliponipigia simu juma lililopita akasema, "Baba mudogo, mama ametutoka. Baba anasema uje," nilijibu kama mtu aliyezoea misiba: pole mwanangu, nakuja. Nikaagiza magunia mawili ya mchele, sukari, mbuzi wawili, na bahasha niliyoijaza mwenyewe bila kuhesabu, kwa sababu siku hizi naweza kujaza bahasha bila kuhesabu. Mikono yangu ilikuwa inafunga kamba juu ya pikipiki vizuri kabisa.  Lakini nilisikia harufu ya makayabu, samaki wa chumvi, iliyooza, na depo zangu mimi haziuzi makayabu hata kipande kimoja. Nimeikataza.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Habari za baba yangu na babu yangu sitaziweka hapa; hazikunisaidia kupata kazi, hazitamsaidia msomaji. Nilipata kazi ya magaziniye, mtu wa kupima na kutunza ghala, kwa mfanyabiashara mmoja wa Kasongo ambaye nitamwita Patro, yaani bosi, Hemedi. Aliuza mawese, mchele na samaki wa chumvi, ile tunayoita makayabu. Kazi ilikuwa ngumu kuliko uchimbaji, na ninajua ninachosema, maana nilikuwa nimetoka kuchimba dhahabu kule Lusangi. Mlango ulifunguliwa saa moja asubuhi kamili. Ukichelewa mara tatu ndani ya mwaka, umefukuzwa, hata kama imebaki siku moja mwaka uishe. Vijana wote wa mtaa waliitaka nafasi ile. Mimi niliipata kwa sababu nilibeba gunia la kilo mia mbele ya macho yake na sikukohoa.

Siku ya kwanza akanionyesha chumba cha nyuma ya depo. "Hapa utalala, hapa utakula, servisi ya kazi iko mlangoni," akasema. "Unataka nini tena?" Ndani alikuwa amekaa Masudi, mfanyakazi wa zamani, juu ya gunia la chumvi, anakata kucha za miguu kwa kisu cha samaki. Kile kile. Alimaliza kidole, akapangusa kisu kwenye suruali, akakirudisha juu ya meza ya kuuzia. Ukuta ulikuwa unatoa jasho la mafuta. Godoro lilikuwa na shimo la mtu aliyelala kabla yangu, umbo lake lote, mpaka mahali pa kiwiko. Makayabu iliyoanza kutembea, maana ilikuwa na funza, Patro aliiosha kwa maji ya chumvi, akaianika tena juu ya bati, na kesho yake akaiita samaki mupya. Yeye mwenyewe alikuwa na desturi ya kulamba kila samaki kabla ya kupanga bei. Ulimi wote, kutoka mkiani mpaka kichwani. Kisha alimrudisha kwenye rundo. Mchana tulikula bugali na mchuzi wa vichwa vya samaki wale wale, sote sahani moja, na Patro alikuwa anatafuta macho ya samaki kwa kidole ndani ya mchuzi, akipata moja anacheka. Nilikula. Mtu asifikiri sikula. Lakini kila tonge lilishuka kama limeshika kamba.

Kwa hiyo nikaanza kufikiri juu ya velo. Nilikuwa na baiskeli yangu, nimeinunua kwa dhahabu ya Lusangi, rangi nyeusi, portbagaji, kile kibebeo cha nyuma, ya chuma nene. Kijiji chetu kiko kilomita kumi na saba kutoka Kasongo kwenye njia ya Kabambare. Nikitoka kabla jua halijatoka, kiangazi ni mwendo wa saa moja na robo. Masika, Mungu anajua. Jioni vilevile. Upande mmoja: miguu, matope, mvua, na ile sheria ya mara tatu. Upande mwingine: godoro lenye shimo, na ulimi wa Patro. Nilimwambia Masudi. Alicheka mpaka akakohoa.

"Velo? Weye? Utakuwa punda wa njia nzima, ndugu yangu."

"Punda kwa nini? Mimi sibebi mizigo. Naenda kazini kama mutu wa biro, wa ofisi."

"Basi kata portbagaji, uitupe. Portbagaji tupu kwetu ni ya watu wote. Iko ya mgonjwa, iko ya muzee, iko ya mama mwenye muhogo. Utasema hapana kwa nani? Na ukifika hapa retar, umechelewa, utamwambia Patro nini? Kwamba ulikuwa ambulansi?"

Sikumsikiliza. Mtu anayekata kucha kwa kisu cha samaki hawezi kunifundisha. Usiku ule mmoja nililala chumba kile, nikaamka na mende ndani ya sikio, na uamuzi ukawa tayari. Niliiondoa ile fimbo ndefu ambayo watu wa toleka, wale wanaosukuma velo zilizojaa bidoni, yale madumu ya mawese, au kubeba abiria, wanaifunga kwenye usukani ili waongoze mzigo wakitembea kando. Nilitaka watu wajue kwa mbali: huyu hasukumi, huyu anapanda. Nikanunua shemizi nyeupe, shati la kola. Leo nikikumbuka shemizi ile najichukia, lakini wakati ule nilijiona mfalme.

Kilomita tano kutoka kijijini, kabla ya kijito chenye daraja la magogo, ndipo alipokuwa anauza chai Mama Sifa. Mumewe, Ramazani, alilima mpunga na muhogo nyuma ya nyumba. Sifa alikuwa bado anatambaa. Kibanda chake kilikuwa na benchi moja, birika jeusi, na mandazi aliyoyafunika kwa kitambaa kilichofuliwa mpaka kikawa laini kama ngozi ya mtoto. Hilo ndilo naweza kusema juu ya mwanamke yule: kila kitu chake kilikuwa kimefuliwa. Baada ya depo, kukaa kwenye benchi lile dakika tano kulikuwa sawa na kuoga. Alinitania kwa shemizi yangu. "Asani, leo unaenda kuoa ao unaenda kupima samaki?" Na Ramazani, mtu wa maneno machache, alikuwa anagusa tairi kwa kidole gumba, anasema, "Pumzi imepungua," anachukua pompi, anajaza, hanidai kitu.

Na Masudi alikuwa amesema kweli, jambo ambalo mpaka leo linanikera. Juma la kwanza nilimbeba bibi mwenye jipu. Juma la pili, mwalimu aliyelewa lotoko asubuhi, akanitapikia kwenye pedali. Huwezi kukataa. Kwetu, mtu akisimama kando ya njia na mgonjwa, na wewe unapita na portbagaji tupu, unashuka bila kuulizwa. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Nilichelewa mara ya kwanza. Kisha, mwezi wa tatu, muzee mmoja wa kijiji cha jirani, anaharisha. Walimfunga mgongoni kwangu kwa kitenge asianguke. Kufika kijitoni alikuwa amenimalizia yote, shingo ya shemizi mpaka ndani ya viatu, moto, na alikuwa ananiambia sikioni, "Samahani, mutoto wangu, samahani," na kila samahani inakuja na nyingine. Nilisimama kwa Mama Sifa nikiwa nimeziba pumzi. Yule mwanamke hakushika pua. Alimshusha muzee, akamwosha, akaniambia, "Vua." Akaifua shemizi yangu kwa sabuni yake, ile ya kipande kimoja iliyobaki, akanipa shati la Ramazani. Nilimfikisha muzee lopitali, nikafika depo saa mbili. Patro alinusa hewa. Yeye, mlamba samaki, alinusa hewa, akasema, "Unanuka. Hii ni ya pili. Ya tatu hutaniona uso."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nafikiri, na akili ikanijia mbele ya mashine ya kukobolea mpunga. Nje ya mashine palikuwa na kilima cha makapi, yale maganda makavu yanayopeperuka, hayana bei, wanayachoma. Nikajaza gunia, nikalishona vizuri, nikalifunga kwenye portbagaji kwa mpira. Halikuwa na uzito hata wa kuku. Lakini kwa macho lilikuwa gunia la mpunga, limejaa, limesimama. Kesho yake, wa kwanza aliyeinua mkono kando ya njia aliliona gunia, akaushusha mkono. "Ah, una mzigo. Pita, ndugu." Nikapita. Ilikuwa rahisi hivyo. Mtu mwenye mzigo wa patro hashushwi. Anaweza kufukuzwa kazi, na hilo nalo kila mtu analijua. Miezi mitano gunia lile lilikwenda Kasongo na kurudi, asubuhi na jioni. Hata Mama Sifa aliniuliza, "Kila siku mpunga? Patro wako anakula peke yake?" Nikajibu kwamba ni biashara mpya. Nilikuwa nakunywa chai yake wakati ninamdanganya. Patro akaanza kunisifu mbele ya wateja: huyu ni mutu wa saa. Akanipa funguo. Nilijipongeza. Nilikuwa nimewashinda wote, mende, Masudi, wagonjwa.

Siku yenyewe ilikuwa ya masika, mvua imekatika, ukungu umelala juu ya mpunga. Nilitoka nyumbani nimechelewa kidogo kwa sababu mnyororo ulitoka. Kabla sijafika kibandani nilimwona Ramazani katikati ya njia, peku, mkono juu. Nyuma yake Mama Sifa amekaa chini, mgongo kwenye nguzo ya kibanda chake, miguu imenyooka. Alikuwa na mimba ya miezi saba au minane, sijui kuhesabu mambo hayo. Kitenge kilikuwa kimelowa, na haikuwa maji peke yake. Birika lilikuwa limepinduka, majani ya chai yamemwagika, na nzi walikuwa tayari pale, kwenye sehemu ile iliyokuwa safi kuliko zote nilizozijua. Ramazani alifungua kinywa. Kisha akaangalia nyuma yangu, akaona gunia. Akashusha mkono. Ilikuwa kazi ya kutoa kisu kukata mpira ule. Kilo mbili za makapi, ningezitupa mtoni. Lakini nikizitupa, ataona. Atajua miezi mitano yote. Na saa ilikuwa inakwenda, na hii ingekuwa ya tatu.

Mama Sifa ndiye aliyesema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ya kuuzia chai. "Mwache apite, Baba Sifa. Iko na mzigo wa watu. Atafukuzwa." Kisha kwangu: "Pita, Asani. Ukikutana na mutu wa toleka, umutume kwetu."

Nikapita. Sikukutana na mtu wa toleka. Na kama ningekutana naye, sijui. Nilifika depo dakika saba kabla ya mlango. Patro alinipiga bega kwa mkono wenye magamba ya samaki. Mchana tulipokula, kidole chake kikaingia ndani ya mchuzi kutafuta jicho, nami nikatoka nje kutapika nyuma ya bidoni za mawese. Masudi alinifuata akidhani nina malaria.

Wao walingoja mpaka jua likapanda juu ya miti. Mtu wa toleka alipopita alikuwa anatoka mbali na bidoni sita; akazishusha, akaziacha kando ya njia, akambeba. Alilipwa kwa sababu kuacha mawese njiani ni hatari. Lopitali walimwokoa mama. Mtoto alikuwa wa kiume. Walimzika nyuma ya shamba la muhogo, na jioni ile mimi nilipita na gunia langu, nikaona watu wamekaa, nikashuka, nikatoa pole. Nilitoa pole, ndiyo. Nilipomweleza Masudi kesho yake, bila kusema habari ya makapi, akasema, "Mambo ya Mungu. Hata ungembeba angekufa tu." Aliyasema hayo huku akichokonoa jino kwa mwiba wa samaki. Nimeyarudia maneno yale moyoni miaka mingi, na kila mara yanakuja na mwiba ule na jino lile.

Ningeweza kuliacha gunia siku ile. Sikuliacha. Ukiliacha ghafla watu watauliza liko wapi. Juma la tatu baada ya mazishi nilikuwa narudi jioni, kwenye daraja la magogo tairi likateleza, velo ikaanguka, mshono ukapasuka. Upepo ukayachukua makapi, yakaenea juu ya maji, juu ya nyasi, kichwani kwangu. Na Ramazani alikuwa pale chini kijitoni, ameloweka muhogo. Alipanda taratibu. Alichota makapi kwa mkono, akayaangalia, akayaachia yapepee. Nilingoja anipige. Nilikuwa nataka anipige. Alipiga magoti akaanza kuyakusanya, yaliyobaki, kwa viganja viwili, akiyarudisha ndani ya gunia kama mtu anayekusanya mpunga wa kweli. Akachomoa uzi kwenye ukingo wa shati lake, akafunga mdomo wa gunia. Akaliinua kwa kidole kimoja, akaliweka kwenye portbagaji. Akagusa tairi kwa kidole gumba.

"Pumzi imepungua," akasema. "Pompi iko nyumbani. Lakini usiende kuichukua."

Siku ya pili yake nilihamia chumba cha nyuma ya depo. Nililala ndani ya shimo la mtu mwingine, nikala mchuzi wa macho, miaka minne, sikuomba hata siku moja kurudi njia ile kwa velo. Watu wanasema Asani alitajirika kwa sababu ana kichwa cha biashara. Kichwa ninacho, sikatai. Lakini ukilala ndani ya depo unaona yote: nani anakopa, mawese yanatoka wapi, Patro anaficha nini. Nilijifunza biashara kwa kuogopa benchi moja la chai. Nilinunua pikipiki ya kwanza kwa sababu pikipiki inapita haraka, na vumbi linafunika uso wako. Miaka ishirini nimepita mbele ya nyumba ile kwa pikipiki, na Ramazani, akiwa nje, aliinua mkono wa salamu, sawasawa na anavyowasalimu wengine. Hakumwambia mtu. Kama alimwambia mkewe sijui, na hilo ndilo swali nililokwenda nalo msibani juma lililopita, chini ya mchele na sukari.

Walikuwa wamekwisha kuzika. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka, na waliponiona waliinuka, papa mukubwa, papa mukubwa, kiti kikaletwa. Nilitamani kukipiga teke. Ramazani amekuwa mzee, jicho moja limefunikwa na ukungu. Hakuinuka. Nilipiga magoti mbele yake, nikasema, "Yaya Ramazani, kaka yangu, nimeleta kitu kidogo." Akaangalia pikipiki tatu uani, magunia, mbuzi.

"Magunia yana nini?" akauliza.

"Mchele, yaya."

Akamwita Sifa. Sifa akalisukuma gunia kwa mguu, halikusogea. "Ni mchele, baba."

"Sawa," akasema. Kisha kwangu, kwa sauti ya chini, wengine wasisikie: "Alijua. Nilimwambia usiku ule ule wa daraja. Akasema, mwache, ni mutoto, anaogopa kazi yake. Akasema tena, siku moja atakuja mwenyewe. Kila asubuhi aliweka kikombe kimoja zaidi kwenye benchi. Mimi nilikuwa nachukia kikombe kile, Asani. Mpaka mwaka huu nilikuwa nakichukia."

Nikatoa bahasha. Hakuinyoshea mkono. Akasema mchele nirudi nao, mbuzi nirudi nao, watu wasijue, nimwambie Sifa ni wa msiba mwingine. "Mtu wa toleka nilimlipa," akasema. "Siku ile nilikopa kwa jirani ili nimlipe. Hilo ndilo deni lako. Kingine hapana."

Akanitajia bei ya siku ile, ambayo leo haifiki hata nusu dola. Nikafungua bahasha: dola tupu, za mia mia. Nikatafuta mifukoni, hakuna. Nikawageukia madereva wangu watatu, wafanyakazi wangu mwenyewe, nikawaomba mbele ya watu wote, na mmoja akanipa noti moja, imechakaa, imeungwa katikati kwa utepe wa plastiki, inanuka jasho na petroli. Ramazani aliinyosha juu ya goti, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya mfuko wa shati. Ilikuwa faranga mia tano.